Mashine Iliyomkubali Nestori Peke Yake

Kwenye mazishi ya Nestori, kijana aliyesoma wasifu wa marehemu alisema kwamba mwishoni mwa miaka ya tisini baba yake mkubwa alikuwa na kazi nzuri ya ofisini pale Mpanda mjini, kisha akaamua kwa hiari yake kurudi Katumba kulima. Waombolezaji waliitikia kwa vichwa. Mimi nilikuwa nimekaa mkekani na wanawake wenzangu, nimejifunga kitenge kichwani, nikainamisha uso. Haikuwa kwa hiari yake. Nilikuwepo. Lakini msibani si mahali pa mtu kunyoosha mkono na kusahihisha, na kijana yule alisoma alichopewa. Niliporudi nyumbani nilikaa siku tatu bila kuongea sana, wajukuu wakadhani naumwa. Siku ya nne nikachukua kalamu. Elimu yangu ni darasa la saba na cheti cha kupiga chapa, kwa hiyo nitaandika kama nilivyoona, na mahali nilipofanya vibaya nitasema nilifanya vibaya.

Mwaka ule nilikuwa mpiga chapa wa mradi wa visima. Mpanda ilikuwa bado wilaya ya Mkoa wa Rukwa, na ofisi yetu ilikuwa nyumba ya kupanga pale Shanwe, vyumba vitatu na stoo ya jenereta. Chumba cha mbele kilikuwa cha Mratibu, Bwana Masele, mtu wa kupenda mashati meupe katika mji wa vumbi jekundu. Ukuta uliotenga chumba chake na chetu ulikuwa wa hadibodi, kwa hiyo akikohoa tulijua, akinong'ona tulijua zaidi, maana akinong'ona sote tuliacha kazi tukasikiliza. Chumba chetu kilikuwa na meza mbili. Moja ilikuwa yangu na taipureta yangu. Ya pili ilibeba kompyuta, nayo nilikuwa nimeifumia kitambaa cheupe cha kuifunika, kama watu wanavyofunika redio. Kompyuta ile ililetwa na mzungu mmoja fundi, tulimwita Henriki, aliyekaa nasi miezi minane. Ndani yake aliweka mfumo wa kuiendesha uitwao Linux. Alisema ni kitu kilichotengenezwa na watu wengi duniani na hakina mwenyewe. Dereva wetu, Mashauri, alimwangalia muda mrefu kisha akaniambia pembeni, "Dada Vene, hakuna kitu kisicho na mwenyewe. Mwenyewe hajajitokeza tu." Tulicheka, lakini tangu siku ile sote tuliiangalia ile mashine kama ng'ombe aliyeingia zizini bila kuletwa.

Henriki alitengeneza programu ya kuhifadhi habari za visima: kijiji, kina, mwezi uliochimbwa, maji ni matamu au ya chumvi. Aliipa jina la visima. Ukishaingia kwenye mashine kwa jina lako na neno lako la siri, unaandika visima, unabonyeza, orodha inakuja, kutoka Sitalike mpaka vijiji vya mbali ambavyo gari lilifika kiangazi tu. Alipoondoka, kazi ya kuitunza mashine alimwachia Nestori.

Nestori alikuwa ameletwa kutoka Burundi akiwa mgongoni mwa mama yake, akakulia Katumba kwenye makazi ya wakimbizi. Alijifunza kutengeneza redio kwa kuzibomoa. Kukaa mjini alikuwa na kibali, karatasi moja yenye muhuri iliyobidi kufanywa upya kila baada ya muda, na ili ifanywe upya Mratibu aliandika barua ya kuthibitisha kwamba anahitajika kazini na ni mwaminifu. Karatasi ile aliitia kwenye mfuko wa nailoni, nailoni ndani ya mfuko wa shati, na kila alipoinuka aliipapasa. Mchana tulikula pamoja chumbani. Mimi nilileta ugali na dagaa, yeye maharage yaliyopikwa na ndizi kwenye kopo lenye mfuniko. Alikuwa akinifundisha. Alinionyesha jinsi ya kuorodhesha mafaili, jinsi ya kutoka folda moja kwenda nyingine, na jinsi ya kutumia kile kiandikio kigumu kinachoitwa vi, ambacho ukikosea kutoka unaweza kukaa humo mpaka jenereta liishiwe mafuta. Aliniambia pia kwamba faili likianza na nukta halijionyeshi katika orodha ya kawaida, mpaka uliulize kwa namna ya pekee. "Kwa nini lifiche jina?" nilimuuliza. Akasema, "Halijafichwa, dada. Limekaa pembeni tu." Sikumwamini kabisa. Neno kufichwa lilibaki kichwani.

Siku moja ya Ijumaa ilifika bahasha kutoka kwa Henriki yenye sidii na kurasa mbili za maelekezo. Ilikuwa programu mpya ya visima, bora kuliko ile ya kwanza. Nestori alifunga mlango kwa sababu ya vumbi, akafanya kazi asubuhi nzima, akafuata maelekezo mstari kwa mstari: akaiondoa ya zamani, akaiweka mpya kwenye folda yake, akaandika mstari mmoja aliotakiwa kuandika. Akatuita. Akaandika visima mbele yetu, ikafunguka, na safari hii ilikuwa na ramani ndogo ya vinukta. Mratibu alimpiga begani. Mashauri akauliza kama mashine inaweza kuonyesha pia gari liliharibikia wapi. Tukaenda nyumbani tumefurahi.

Jumatatu nilikaa kwenye mashine, nikaingia kwa jina langu, nikaandika visima. Ikaleta maneno ambayo hata leo nikifumba macho nayaona meupe juu ya weusi: command not found. Maana yake, amri haikuonekana. Nikaandika tena. Vilevile. Mratibu akaja, akaingia kwa jina lake, akaandika kwa kidole kimoja kama anayeponda kunguni. Vilevile. Tukamwita Nestori kutoka stoo. Akafuta mikono, akaingia kwa jina lake, akaandika herufi zilezile sita, na orodha ikashuka yote, Sitalike juu.

"Umefanya nini?" Mratibu aliuliza.

"Sijafanya kitu, Bwana Mratibu. Nimeandika visima."

"Na mimi nimeandika nini? Magodoro?"

Mashauri akacheka. Nestori hakucheka. Alinikalisha tena, nikaandika, ikakataa. Akakaa yeye, ikakubali. Tulifanya hivyo mara nne. Mwisho Mratibu alisema polepole, "Ijumaa ulifunga mlango. Kabla ya Ijumaa sote tulikuwa tunafungua. Baada ya Ijumaa unafungua wewe tu. Nipe neno la siri uliloweka." Nestori akasema hakuna. Akasema yeye mwenyewe hajui kwa nini. Nilimtazama usoni nikitafuta uongo, na mtu akitafuta uongo usoni mwa mwenzake hawezi kuukosa. Niliona jasho, nikahesabu kuwa ni hilo.

Yapo mambo yaliyofanya tuamini haraka. Kulikuwa na habari kwamba mradi utaleta mtaalamu kutoka Dar es Salaam, na kwamba Nestori ataondolewa. Kibali chake kilikuwa kinaisha Ijumaa ya wiki iliyofuata. Mtu anayeogopa kuondolewa akishika ufunguo peke yake, nani atamwondoa? Hivyo ndivyo Mratibu alivyosema nyuma ya hadibodi akiongea na Mashauri. Mashauri akajibu, "Wale jamaa wamezoea kujificha, bosi. Wanaishi na begi limefungwa." Nestori alikuwa ameketi hatua mbili kutoka kwangu, akila maharage yake. Alisikia. Aliendelea kutafuna, lakini kijiko kilikuwa kinapita hewani bila kitu.

Jumatano Mratibu aliniita, akanipa kauntabuku mpya. "Mama Vene, wewe unakaa naye. Kila anachoandika kwenye hiyo mashine, andika humu. Asijue." Kisha akasema kwamba mambo yakinyooka, kuna kozi ya kompyuta Tabora, na haoni kwa nini asiende mtu wa hapahapa. Nikachukua daftari. Sikulazimishwa. Siku ile nilihamisha kiti changu nikakiweka mahali ambapo kioo cha dirisha kilionyesha kioo cha mashine, nikawa najifanya kupiga chapa huku naandika. Mashauri alipopita alinitania, "Shemeji, leo umemgeukia mumeo?" Alikuwa ameanza kuniita shemeji kwa sababu ya kula kwangu pamoja na Nestori. Tangu pale nikaacha kula na Nestori. Nilimwambia tumbo linanisumbua. Alinitazama, akafunika kopo lake, akaenda kula stoo, karibu na jenereta.

Niliandika kurasa kumi na moja. Jumanne ya wiki ya pili nilizisoma zote tangu mwanzo, nikaona kitu kilichonikera: hapakuwa na siri ndani yake. Aliingia kwa jina lake, aliandika visima, basi. Hapakuwa na neno la pili, hapakuwa na kibonyezo cha chini ya meza. Nestori alikuwa nje akiweka mafuta. Nikaingia kwa jina langu, nikaenda kuchungulia folda yake. Katika mashine ile kila mtu alikuwa na chumba chake, lakini Henriki hakuweka pazia, na kuchungulia alinifundisha Nestori mwenyewe. Nikauliza orodha kwa ile namna ya pekee, yale yaliyokaa pembeni yakatokea. Moja lilikuwa faili ambalo mashine hulisoma kila mtu anapoingia. Nikalifungua. Mwishoni palikuwa na mstari mmoja uliosema njia, kisha jina la folda: /opt/visima/bin. Nikatazama faili la namna hiyo kwenye chumba changu. Nilikuwa nalo, lakini mstari ule haukuwemo. Nikiwa bado kwa jina langu, nikaandika njia nzima tangu mwanzo, /opt/visima/bin/visima, nikabonyeza.

Ikafunguka. Sitalike juu, ramani ya vinukta, kila kitu.

Nikaelewa nusu, lakini nusu ile ilitosha. Programu haikuwa imefungwa. Ilikuwa wazi kwa kila mtu. Mashine ilikuwa na orodha ya mahali pa kutafuta amri, na kila mtu alikuwa na orodha yake. Ya zamani Henriki aliiweka mahali ambapo orodha za wote zilipita. Mpya ilikaa kwingine, na maelekezo yalisema ongeza mstari kwenye faili lako, Nestori akaongeza kwenye lake, kama karatasi ilivyosema. Hakujua kwamba sisi wengine tulihitaji kuongezewa kwenye yetu. Kosa lake lilikuwa utii.

Nilizima ile orodha ya visima kabla Nestori hajarudi. Sasa naandika jambo ambalo sikuwahi kulisema kanisani wala kwa marehemu mume wangu. Nilijua Jumanne saa nne asubuhi, nikanyamaza Jumanne, Jumatano, Alhamisi na Ijumaa. Nilijiambia kwamba nikisema wataniuliza nilijuaje, na Mashauri atapata la kucheka. Hiyo ilikuwa kweli kidogo. Kweli kubwa ni kwamba nilitaka kiti chake na kozi ya Tabora, na niliona nikingoja siku chache nitakuwa mtu aliyefungua kilichomshinda fundi. Wala sikudhani nafanya ubaya. Nilidhani nangoja.

Ijumaa Mratibu hakuandika barua. Nestori alisimama mlangoni mwake, nikamsikia kupitia hadibodi. "Bwana Mratibu, leo ndiyo mwisho." Mratibu akasema, "Fungua mashine, nitaandika." Nestori akasema, "Ningekuwa nimeifunga, si ningeifungua?" Alirudi chumbani kwetu, akachukua kopo lake na bisibisi zake tatu, akakunja kitambaa nilichofuma akakiweka vizuri juu ya mashine. Akaniambia, "Dada Vene, pole na tumbo." Akaondoka. Ninajua sasa kwamba alikuwa amejua habari za tumbo siku nyingi.

Jumatatu niliomba kwa Mratibu neno la siri la mkuu wa mashine, lile la bahasha iliyofungwa kwa lakiri ambayo Henriki aliacha kabatini. Nikamwambia nina wazo. Badala ya kuongeza mstari kwa kila mtu, niliona kuna faili moja la wote, ambalo mashine hulisoma kwa kila anayeingia. Nikalifungua. Nikakumbuka mstari wa Nestori. Nusu yake ya kwanza sikuielewa, ilikuwa inaitaja njia yenyewe ndani ya njia, na kwa kuwa sikuielewa niliishuku; nikadhani ni ujanja wake. Nikaiacha. Nikaandika folda mpya peke yake. Mpaka leo naona ilikuwa akili ya ofisi yetu. Mratibu akitangaza kisima kipya, hakuna aliyedhani visima vya zamani vimefukiwa. Usichokitaja kinabaki kama kilivyo. Mashine haikuwa na desturi hiyo. Nilichoandika ilikichukua kuwa ndiyo orodha yote.

Nilitoka, nikaingia tena. Nikaita orodha ya mafaili. Haikuonekana. Nikaita tarehe. Haikuonekana. Kuchapa, kunakili, hata kile kiandikio, vyote command not found. Programu ya visima yenyewe ilifunguka, ikajikwaa, ikafa, maana nayo ilitegemea amri nyingine. Mratibu akaingia kwa jina lake, mambo yaleyale. Akapiga meza mpaka taipureta yangu ikalia kengele.

"Mmeona? Mmeona huyu mtu? Ametuachia mtego! Amekaa kwao Katumba anatucheka."

"Ni mimi, Bwana Mratibu," nikasema. "Nimeharibu mimi, leo hii. Na ile programu haikuwa imefungwa. Nilijua tangu Jumanne."

Nilidhani nimejitupa motoni. Mratibu alinitazama kwa huruma, kitu kibaya kuliko hasira. Mashauri ndiye aliyesema: "Shemeji, usimbebee mzigo. Tunaelewa." Hawakuniamini. Kauntabuku ile isiyo na siri ndani, kula pamoja, kukaa karibu, vyote viligeuka ushahidi kwamba ninamficha. Nikawaeleza folda, mistari, njia. Nilivyozidi kueleza nilizidi kuonekana nimefundishwa. Hapo ndipo nilipojua Nestori alikuwa amesimama wapi siku zote zile kumi.

Kesho yake nilipanda lori la tumbaku mpaka Katumba. Kwenye kizuizi nikaandikisha jina langu na shughuli yangu, niliandika "kusalimia". Nyumba yake niliipata kwa kuulizwa maswali matatu na kila niliyekutana naye: kijiji gani, barabara ya ngapi, nyumba ya ngapi; majibu nilikuwa nimeyanakili kutoka kwenye barua za kibali chake. Niliposema natafuta Nestori tu, walinitazama kama mtu wa serikali. Mke wake, Yosefina, alikuwa anamenya muhogo uani. Nestori alitoka ndani, hakunipa mkono.

"Nani amekutuma?"

"Hakuna."

"Mradi una gari. Gari liko wapi? Wanangoja barabarani?"

"Nimekuja na lori la tumbaku, kaka. Ninanuka tumbaku. Nusa."

Yosefina akacheka kidogo, akaniletea kigoda. Nikaeleza yote, kuanzia daftari. Sikupunguza. Nilipofika Jumanne saa nne, Yosefina aliacha kumenya, kisu kikabaki ndani ya muhogo. Nestori akauliza kama fundi, si kama mtu aliyeumizwa: "Ile nusu ya kwanza uliiacha?" Nikasema niliiacha. Akasema, "Ile ndiyo inayosema: shika za zamani zote, halafu ongeza hii." Nikasema sasa hata kiandikio hakionekani, nitarekebishaje? Akatazama barabara. "Umefikaje hapa? Ulisema Nestori, watu hawakukuelewa. Ukataja kijiji, barabara, nyumba, ukaletwa mpaka mlangoni. Mashine imesahau njia za kutafutia, lakini nyumba ziko palepale. Taja anuani nzima. Kiandikio kinakaa /bin/vi. Kiite kwa anuani."

Nilimwomba aje mjini. Alikataa. Hakuwa na kibali, na hata angekuwa nacho asingekuja. "Nikigusa, ikiharibika ni mimi. Ikipona, ni mimi niliyekuwa nimeifunga. Fanya wewe, huku wakikuona." Yosefina alituandalia ugali wa muhogo na maharage. Nilikula kidogo, nikiona aibu kwa kila tonge. Nestori alikula bila kuniangalia, lakini alihakikisha bakuli la mboga liko karibu na mkono wangu.

Jumatano niliwaita wote chumbani, Mratibu, Mashauri, na mlinzi wa mchana. Nikaingia kama mkuu wa mashine, nikakiita kiandikio kwa anuani yake nzima, nikafungua faili la wote, nikasoma mstari wangu kwa sauti, nikausahihisha: za zamani zote, kisha hii. Nikatoka. Nikamkalisha Mratibu aingie kwa jina lake. Akaandika visima kwa kidole kimoja. Orodha ikashuka. Nikamkalisha Mashauri, ambaye hakuwa na jina kwenye mashine. Nikamfungulia la kwake palepale. Akaandika, ikafunguka, akaruka nyuma kidogo.

"Kwa hiyo haikuwa imefungwa," nikasema.

Mashauri alitazama vidole vyake. Mratibu akasema, "Basi, tumshukuru Mungu imetengemaa." Nikamwambia Nestori anahitaji barua. Akakubali, akasimama nyuma yangu akinitajia maneno, mimi nikapiga chapa: kwamba hitilafu iliyojitokeza katika kompyuta ya mradi imerekebishwa na kazi zinaendelea. Nikangoja. Akasema, "Weka nukta. Lete nitie sahihi." Nikauliza kama tusiongeze kwamba Nestori hakuifunga. Akasema, "Mama Vene, ofisi haiandiki ambacho mtu hakufanya. Tutaandika mangapi?" Akagonga muhuri.

Nilirudi Katumba na barua ile Jumamosi. Nestori aliisoma amesimama, akaisoma tena, akanirudishia. "Hii inasema mashine imepona. Mimi sijatajwa." Nikamwomba karatasi. Nikaandika kwa mkono kwamba mimi, Veneranda, mpiga chapa, nilijua tangu Jumanne kwamba programu ilikuwa wazi kwa wote, kwamba Nestori hakufunga kitu, na kwamba nilinyamaza siku nne mpaka kibali chake kikaisha. Nikatia sahihi. Akaitazama, akauliza, "Muhuri?" Sikuwa na muhuri. Karatasi bila muhuri mbele ya ofisa wa vibali ilikuwa karatasi ya kufungia karanga, wote tulijua. Yosefina aliinua sufuria kutoka jikoni, akaigeuza kitako juu. Nikapitisha dole gumba kwenye masizi, nikaligandamiza chini ya jina langu. Mimi niliyejivunia kupiga chapa maneno arobaini kwa dakika, nikatia dole kama asiyejua kusoma.

Alizipeleka zote mbili. Ofisa alisoma ya muhuri, ya dole akaiweka pembeni, akamwambia angoje. Kibali kilitoka miezi mitano baadaye, mtaalamu wa Dar es Salaam akiwa ameshaketi kwenye kiti, na mimi nikiwa nimekataa kozi ya Tabora, ingawa hakuna aliyenitaka niikatae. Nestori alilima tumbaku. Muda mrefu baadaye, alipokuwa na uraia na hakuhitaji tena karatasi ya kutoka, alifungua kiduka cha kompyuta palepale Katumba, nami nikawa naenda kumsalimia na kuandikiwa hiki na kile. Tulikuwa marafiki. Nasema hivyo bila kuogopa. Alinizikia mume, nami nimemzika. Lakini kila nilipokaa karibu naye akifanya kazi, aligeuza kioo cha mashine kunielekea, akaanza kusoma kwa sauti kila alichokuwa anaandika, folda kwa folda, na kila alipobonyeza alisema, "Nimebonyeza." Akiwa na wateja wengine alifanya kazi kimya, Yosefina ndiye aliyeniambia. Watoto wake walikuwa wanamcheka wakisema mzee anaongea na mashine. Sikuwahi kumwomba aache. Nilikaa kwenye kigoda, nikasikiliza mpaka mwisho, na kila alipomaliza nilisema, "Nimeona, kaka."